Bata wa Romana na Goti la Fundi

"Bata hawajui mpaka, sawa. Na wewe mwenye bata hujui?"

"Mpaka upi? Minyaa hii niliipanda mimi, wewe ukiwa bado unajifunza kutia uzi kwenye sindano."

"Romana, toa bata wako kwenye mpunga wangu."

"Njoo uwatoe mwenyewe. Au mpaka uletewe mto mwingine?"

Fundi Leodgar alikuwa kibarazani kwake, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya mito iliyopangana kama mikate dukani. Uani, mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai, na bata wa Romana walikuwa juu yake wanakula bila haraka, kama watu walioalikwa. Ng'ambo ya ua wa minyaa alionekana Romana kuanzia mabegani kwenda juu, na upawa mkononi.

"Mimi ni mgonjwa, mama," alisema Leodgar.

"Wa goti. Mdomo mzima. Ungeumwa huo, Mpanda nzima ingepumzika."

Hapo fundi aliushusha mguu kutoka kwenye mito, akauvuta unyayo mpaka chini ya kiti, akashika nguzo ya kibaraza na kusimama. Akauchukua mkongojo wake akawarushia bata, bila kukumbuka kwamba ndio anaotembelea. Bata wakatawanyika. Dume lao kubwa, ambalo Romana amelipa jina la Meneja, likawa la kwanza kurudi. Fundi akabaki amekumbatia nguzo, akiwasema ndugu wa marehemu mume wa Romana mambo ambayo hayaandikiki.

Mkewe, Gaudensia, alikuwa mlangoni mwa jiko na chekeche la unga. Katika ugomvi ule hakusikia hata neno moja. Alikuwa anaangalia unyayo. Unyayo ulikuwa umeingia chini ya kiti, na goti la juu yake, lile goti lililokataa dawa, sala na machozi, lilikuwa limekunjika kama goti la mtu.

Tuseme ilivyokuwa. Leodgar ni fundi cherehani wa nguo za kina mama na sare za shule, meza yake iko sokoni. Alikuwa anapeleka sare Sibwesa kwa bodaboda, ng'ombe wa mzee Luhende akaamua kuvuka barabara, bodaboda ikamkwepa ng'ombe, fundi akamkwepa dereva, na kifuniko cha goti kikapasuka. Ng'ombe hakupata hata mkwaruzo. Fundi akasafirishwa hadi hospitali kubwa nje ya mkoa, akafungwa nyaya kwenye goti, akashonwa, na kidonda kikapona vizuri kabisa. Yeye mwenyewe alikikagua akasema mshono ni wa fundi anayejua kazi.

Shida ikaja baada ya hapo. Goti likaanza kukakamaa. Kijana wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya Mpanda, anaitwa Arcade, mtu wa sauti ya upole na mikono isiyo na upole wowote, alilishika akalisukuma, fundi akapiga kelele, goti likakaa vilevile.

"Baba, goti hili ukiliacha litakuwa mguu wa meza," alisema Arcade. "Nyumbani ulikunje kila siku. Likiuma, ulikunje hivyo hivyo, ila ukiona limewaka moto au usaha, mbio hapa. Na mto usiweke chini ya goti."

Kisha akakaa kwenye kiti, akauvuta unyayo chini ya kiti, akaonyesha. "Nataka ukae hivi. Kliniki ijayo likifika hapa, nakuachia uende zako. Lisipofika, nakuandikia urudi kule kule, wakupige nusukaputi tena, walikunje ukiwa umelala."

Neno nusukaputi lilipotajwa, fundi na mkewe wote wawili waliangalia sakafu.

Maana mara ya kwanza, alipokuwa anazinduka baada ya upasuaji, Leodgar alianza kazi. Macho kayafumba, mkono unavuta futi ya hewani, akawa anataja wateja wake mmoja mmoja, kwa jina, kifua na kiuno. Na maelezo juu. Huyu anasema nibane, nikibana hapumui. Yule gauni lake nimeshalitanua mara mbili na bado anawaambia watu amepungua. Manesi walicheka mpaka wakashika ukuta. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa mtu wa Magamba, hapa hapa karibu na Mpanda, na mtu wa Magamba alikuwa na dada zake wanamuuguza. Maneno yakafika Mpanda kabla ya basi lililomrudisha mgonjwa.

Fundi wa nguo za kina mama anajua mambo ambayo hata waume hawayajui, na inatakiwa azikwe nayo. Leodgar alijua akipigwa nusukaputi ya pili ataendelea alipoishia, na siku hiyo hata akipona miguu yote miwili, hatapata wa kumshonea mpaka anakufa.

Sasa kwa nini asikunje goti? Kwa sababu ya upendo. Mtaani kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Walikuja wanakwaya, wakaja wa jumuiya, wakaja mafundi wa sokoni, wakaja na wale waliotaka tu kujua kwa ujanja kama wametajwa. Nyumba ilijaa, chai ilichemka tangu asubuhi, na kila aliyeingia alisema, "Pole baba, usijisumbue, uupumzishe huo mguu." Kisha anauinua mguu na kusukuma mto chini ya goti. Wengine walikuja na mito yao kabisa, yenye foronya za maua na maneno ya Bwana ni Mchungaji Wangu.

Gaudensia akijaribu kumfanyisha mazoezi, mgonjwa analia, na wageni wanamgeukia.

"Mama Sikujua, unamtesa mwenzio."

"Daktari kasema."

"Daktari hana huruma, ni mtu wa mshahara. Wewe ni mke."

Basi anamwachia. Mgonjwa anarudishiwa mito yake, anapewa supu, anasimulia upya habari ya ng'ombe. Mzee Luhende mwenyewe, mwenye ng'ombe, alikuja mara kwa mara kutoka Sibwesa kwa aibu ya mnyama wake, kila safari na chupa ya samli ya kuchulia na jogoo mkononi, mpaka uani pakawa na majogoo ya kutosha kuamsha tarafa.

Mtu mmoja tu hakuja kumwona mgonjwa. Romana. Alikuwa ametajwa, tena kwa urefu, na miaka yote alikuwa anawaambia watu kwamba umbo lake ni lile lile la siku ya harusi. Na hapa kwetu kutokwenda kumwona mgonjwa wa nyumba ya pili ni kutangaza vita.

Jioni ya siku ile ya mkongojo, Gaudensia alizunguka kwa nyuma, akamkuta Romana anawafungia bata.

"Dada, nimekuja na shida."

"Kama ni mpunga, sirudishi. Umeshaliwa."

"Si mpunga. Nataka ugombane na mume wangu."

Romana akasimama wima. "Nimeshagombana naye asubuhi."

"Na kesho. Na kesho kutwa. Mpaka kliniki."

"Mama Sikujua, umelala vizuri wewe?"

Gaudensia akamweleza habari ya unyayo na kiti. Romana alisikiliza, mikono kiunoni, halafu akatikisa kichwa.

"Mimi nimetoka kuungama Jumamosi. Ugomvi wa hasira Mungu anasamehe, lakini wa kupanga? Na aliyonisema yule. Muache goti lake likauke kama kuni."

"Sawa," alisema Gaudensia, akageuka kama anayeondoka. "Ila likikauka watampiga tena nusukaputi, ataendelea alipoishia."

Romana akamzuia njia. "Aliishia wapi?"

"Kwako? Kiunoni."

"Kiunoni tu?"

"Nyonga hakufika. Walimpa maji ya kunywa."

Bata mmoja alikuwa amebaki nje ya banda na hakuna aliyemjali.

"Asubuhi saa ngapi anakuwa ameshakunywa chai?" aliuliza Romana. "Mtu mwenye njaa hagombani vizuri. Na mama yake simgusi, tuelewane."

"Mama yake niachie mimi."

Kuanzia hapo, jua likishika turubai, bata wanafunguliwa. Romana anatokeza kichwa na kuanza. Akaanza na mpunga, akaenda kwenye minyaa, akaenda kwenye jogoo la Luhende linalowika wakati watu wanasali rozari. Maneno yalipomwishia, Gaudensia alimletea mengine chini ya bakuli la mboga. Ndiyo ikatoka ile ya kanzu ya padre, ambayo fundi aliishona mkono mmoja ukaishia kwenye kiwiko, na padre akahubiri amekunja mkono kama mtu mwenye hoja.

"Nani kakwambia habari ya kanzu?" Leodgar aliuliza, uso umekuwa mweusi zaidi.

"Kanisa zima lina macho."

"Ilirudi ndani ya wiki."

"Ilirudi imeongezwa kitambaa cha pazia."

Na fundi anasimama. Mwanzo alisimama kwa nguzo, halafu kwa mkongojo, halafu akawa anaufuata ugomvi mpaka kwenye minyaa ili maneno yake yasipotee njiani. Akirudi anakaa chini kwa kishindo, goti linakunjika, anasema "ai," anakumbuka jibu jingine, anasimama tena. Wageni wa kumwona mgonjwa wakawa wanakuja mapema na vigoda vyao. Mito ikapelekwa chini ya wageni. Gaudensia alikuwa anachambua mchele pembeni, jicho kwenye unyayo: jana umeingia chini ya kiti, leo umezidi.

Hapo ndipo mzee Luhende alipokuja kuharibu kila kitu.

Alifika na wazee wenzake wawili na samli yake, akamkuta Romana katikati ya sentensi. Mzee yule ni mtu wa haki, na alishtuka kweli. Akainua fimbo.

"Kwetu mgonjwa hatukanwi," alisema. "Na mgonjwa hatukani, anamaliza nguvu. Leteni viti."

"Mzee, acha tu, wamezoeana," alisema Gaudensia.

"Ndiyo ubaya wenyewe, mama."

Baraza likakaa pale pale kibarazani. Romana akaulizwa, akasema hana kinyongo. Leodgar akaulizwa, akasema yeye ni mtu wa amani, tatizo ni bata. Wazee wakanong'onezana Kisukuma. Luhende akatoa hukumu: washikane mikono, na atakayefungua mdomo wa kwanza kumtukana mwenzake atachinja na kuilisha nyumba ya pili. Fundi atachinja jogoo. Romana atachinja bata.

Romana akashika kifua. Katika bata wake wote hajawahi kumla hata mmoja. Anawafuga kama wengine wanavyofuga wajukuu. "Bata yeyote?" aliuliza.

"Yule dume," alisema Luhende, akimwonyesha Meneja, aliyekuwa amesimama juu ya turubai na punje mdomoni.

Wakashikana mikono. Wageni wakapiga makofi, mwanakwaya mmoja akaanzisha wimbo. Mzee Luhende akanywa chai akiwa na uso wa mtu aliyelipa deni la ng'ombe wake, na Gaudensia akamwongezea sukari.

Amani ikaingia, na goti likaanza kufa. Bata walifungiwa. Asubuhi kulikuwa kimya. Leodgar alikaa, akasikiliza upande wa minyaa, akahema. Mito ikarudi mmoja mmoja. Mwishoni mwa wiki unyayo uligoma tena, na Gaudensia alipomwambia avute, alisema, "Nivute kwenda wapi?"

Kliniki ilikuwa Alhamisi. Jumatatu Gaudensia alikwenda kwenye minyaa.

"Dada, mtukane hata kidogo. Kwa sauti ya chini."

"Meneja," alisema Romana.

"Nitakupa bata mwingine."

"Bata mwingine si Meneja." Akafikiri, akikwaruza sufuria. "Mzee alisema kutukana. Kumwonea mtu huruma hakukatazwa?"

"Huruma ndiyo iliyotuua."

"Hamjaona yangu," alisema Romana.

Kesho yake akavaa kitenge cha kanisani, akapita mlango wa mbele kama mgeni, na mto kwapani. Wanakwaya waliokuwepo wakapigana viwiko. Romana akamwamkia kila mtu, akauinua mguu wa fundi kwa vidole viwili, akaweka mto, akaupigapiga.

"Pole sana, baba. Nimechelewa kuja kukuona, unisamehe. Usijisumbue na kitu. Tena nashukuru kazi zako hazijalala."

"Kazi zipi?"

"Sare za Sibwesa. Si wamempa Aristide."

Aristide ni fundi wa meza inayopakana na ya Leodgar sokoni. Leodgar akageuza kichwa polepole.

"Amepimaje, watoto wako Sibwesa?"

"Hajapima. Anasema yeye anakadiria kwa macho. Ameshazikata zote, nimeona. Nikasema, afadhali fundi wetu apumzike, umri umekwenda."

"Kwa macho," alisema Leodgar.

"Mto uko sawa, au niusogeze? Hata mimi nimempelekea kitambaa changu, cha gauni la kuvaa kwenye kipaimara cha mjukuu. Nusu nimebaki nayo, nusu nimempa. Maskini, hakuvuta hata futi. Aliniangalia mara moja akasema, wewe mama ni mwembamba, gauni lako halina kazi."

Chumba kizima kikaacha kunywa chai.

Leodgar alifungua mdomo. Gaudensia aliyekuwa mlangoni akamwona anautafuta ulimi, kisha akamwona anakumbuka jogoo wa kuchinja, na mzee Luhende na fimbo yake. Fundi akafunga mdomo. Akafungua tena.

"Mwembamba," alisema. "Aristide amesema wewe ni mwembamba."

"Ndivyo alivyosema, baba. Wewe lala."

Mto uliruka ukamfikia mwanakwaya. Leodgar alisimama bila nguzo wala mkongojo, akavuka chumba kwa kuchechemea mpaka pembeni, kwenye cherehani yake ya nyumbani ambayo wageni walikuwa wameigeuza kuwa meza ya vikombe. Akaviondoa. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka nyayo zote mbili kwenye pedali.

"Lete hicho kitambaa chote. Na kilichoko kwa Aristide kafuate, mwambie nimesema mimi."

"Baba, mguu," alisema mtu.

"Mguu uko kazini."

Pedali za cherehani hazitaki mguu mmoja kwa mtu aliyezizoea kwa miwili. Mguu mbaya ulikataa, akautukana mguu, maana mguu haukuwamo kwenye hukumu. Ukaenda kidogo ukarudi, ukaenda tena. Jasho lilimtoka, na "ai" zake zikawa zinafuata mdundo wa sindano. Siku ile alishona, na Jumatano akashona, akipumzika kwa kuwekewa barafu kutoka kwa muuza maji wa kona. Hakuomba kupima. Kipimo cha Romana alikuwa nacho kichwani, na safari hii hakukitaja hata kwa mkewe. Alipomaliza, Romana akalivaa gauni nyuma ya pazia, akatoka, na wanawake wote waliokuwemo wakakubaliana kimoyomoyo kwamba huenda ile habari ya hospitali ilikuwa uongo.

Alhamisi Arcade alimkalisha fundi kwenye kiti, akavuta unyayo, akaweka kipimo chake cha plastiki ubavuni mwa goti. Gaudensia alikuwa ameshika rozari ndani ya mkoba.

"Limefika," alisema Arcade. "Limepita hata. Mmefanya nini nyie?"

"Anashona," alisema Gaudensia. "Na kabla ya hapo alikuwa anagombana na jirani."

"Endeleeni na vyote viwili. Likikaa tu, linarudi kule kule, sikudanganyi."

Kwenye bajaji ya kurudi, Leodgar aliitazama meza yake walipopita soko. Kisha akasema, "Ile habari ya kanzu ya padre, Romana aliipata wapi?"

"Nilimpa mimi."

"Na ya pazia?"

"Hiyo pia."

Akaangalia nje. "Ulikuwa unaweza kumpa ya suruali ya mkuu wa shule," alisema. "Hiyo ningesimama zaidi."

Walipofika, Romana alikuwa amesimama kwenye minyaa na gauni lake jipya, kama mtu aliyetoka tu kuangalia hali ya hewa. Alimwona fundi akishuka mwenyewe kwenye bajaji, akaangalia goti. Bata walikuwa wamefunguliwa. Meneja alikuwa katikati ya turubai.

"Hurudi kule?" aliuliza Romana.

"Sirudi."

"Bwana asifiwe. Basi na nyonga zangu zipumzike kwa amani."

Leodgar alisogea mpaka minyaa, akaegemea mkongojo. Uani kwake majogoo ya Luhende yalikuwa yanakimbizana. Akayaangalia, akachagua moja kwa macho, kisha akamgeukia jirani yake.

"Romana," alisema, "huyo Meneja wako anatembea kama ukoo wenu wote ukienda kudai urithi."

Romana akaweka mkono kiunoni pole pole, uso unaanza kung'aa.

"Mama Sikujua, umesikia?"

"Nimesikia," Gaudensia alijibu kutoka jikoni. Tayari alikuwa na kisu mkononi.

"Ameanza yeye. Mimi sijafungua mdomo."

"Ameanza yeye, nashuhudia. Pita hapo kwenye pengo wanapopita bata, dada, usizunguke. Mboga ya asubuhi ipo, ugali nasonga sasa hivi, na jogoo atafuata. Ingia ndani tule."